Barafu ya bonge, ya kusagwa, chupa au friza: kipi kimpoze samaki wako?

Safari yangu ya kwanza ya kupeleka jodari Dar es Salaam kutoka Somanga nilibeba kilo thelathini kwenye kasha moja. Barafu ya kusagwa ilikuwa imekwisha asubuhi ile, nikanunua chupa za maji zilizogandishwa kutoka nyumba za jirani, nikazipanga chini, samaki nikawalaza juu, nikafunga mfuniko. Nilipofungua kasha jioni kule Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, chupa za chini kabisa bado zilikuwa jiwe tupu. Nikashukuru, nikajua mzigo umesalimika. Kisha nikaingiza mkono kwenye tumbo la jodari wa juu: vuguvugu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mambo mawili yale ni jambo moja. Chupa zilibaki jiwe kwa sababu joto la samaki halikuzifikia. Barafu ambayo haijayeyuka haijafanya kazi yoyote bado. Nawaandikia wachuuzi wenzangu, hasa wanaoanza kwa mtaji mdogo, kwa sababu naona wengi bado tunachagua barafu kwa kuangalia ipi "inakaa", wakati swali lenyewe ni ipi inayeyuka mahali panapotakiwa, kwa kasi inayotakiwa, na kwa bei gani.

Hesabu ya kuanzia ni fupi. Kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0, ili igeuke maji ya nyuzi 0 hizo hizo, inahitaji kilojuli 334 za joto (kilojuli ni kipimo cha wingi wa joto). Kipimajoto hakisogei hata kidogo, lakini joto linaingia. Wanafizikia wanaliita joto fiche. Aliyelieleza kwanza kwa vipimo ni Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, kwenye miaka ya 1760. Ili uone ukubwa wake: kilojuli 334 zinatosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80, joto la chai. Kumbe barafu kugeuka tu maji inakula joto lote hilo, na inalichota kutoka kwa samaki wako.

Samaki mwenyewe, akiwa mnofu usio na mafuta mengi, anahitaji kutolewa kilojuli 3.6 hivi kwa kila kilo kwa kila nyuzi moja. Akitoka baharini na nyuzi 28, kumfikisha sifuri ni kama kilojuli 100 kwa kilo. Maana yake kilo moja ya barafu ingetosha kupoza samaki kilo tatu na zaidi kidogo, kama hakuna joto jingine linaloingia. Linaingia, tena jingi, na tutalihesabu. Lakini shika namba hizo mbili, 334 na 100, maana kila ulinganisho hapa chini unarudi kwao.

Barafu ya bonge na barafu ya kusagwa

Kwa uzito, hizi mbili ni sawa kabisa. Kilo ya bonge na kilo ya iliyosagwa zinachukua kilojuli zilezile 334. Anayekuambia bonge "lina baridi zaidi" amekosea. Tofauti yao ni ngozi, yaani eneo la nje linalogusana na samaki.

Chukua bonge la kilo 25 lenye umbo la mchemraba. Kila upande wake ni sentimita 30 hivi, na eneo lote la nje ni kama nusu mita ya mraba. Lipasue liwe vipande vya sentimita tatu tatu, utapata vipande elfu moja, na eneo lao la nje linafika zaidi ya mita tano za mraba. Barafu ni ileile, ila mlango wa joto umepanuka mara kumi. Vipande hivyo vinaingia kwenye matumbo na chini ya mapezi, na vinapoyeyuka maji yake ya sifuri yanatiririka juu ya samaki wa chini na kuwapoza njiani. Bonge zima linagusa samaki wawili watatu walio karibu, wengine wanangoja hewa iwafikishie baridi, na hewa ni mchukuzi mvivu sana.

Kwa hiyo katika saa za mwanzo, ambazo zina uzito mkubwa kwa maisha ya samaki sokoni, iliyosagwa haina mshindani. Kwa jodari, kibua na nguru jambo hili ni la afya ya watu. Samaki hawa wakikaa na joto, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama, na histamini ikishaingia haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Mlaji anaumwa kichwa, uso unawaka, mwili unawasha, na anaondoka akisema ana mzio wa samaki. Kumbe ni uzembe wetu sisi tuliomkawiza njiani.

Bonge lina faida yake lakini. Likiwa halina mlango mpana, linayeyuka polepole, na ndiyo sababu nahodha anayelala baharini siku mbili tatu hubeba mabonge na kuyapasua kadiri anavyovua. Huo ni uamuzi wa busara. Tena bonge halili nafasi: tani moja ya barafu laini ya vipande bapa inajaza zaidi ya mita mbili za ujazo, bonge lililopondwa linahitaji kama mita moja na nusu, na bonge zima zaidi kidogo tu ya mita moja. Mwenye mashua ndogo anaijua thamani ya hiyo nafasi. Ukilipasua, pasua juu ya turubai safi au ndani ya gunia safi, na vipande visiwe vikubwa wala vyenye ncha. Nimeona changu wakichanwa ngozi kwa vipande kama vya chupa iliyovunjika, na mnunuzi wa hoteli akishaona alama hizo anashusha bei.

Ukinunua iliyosagwa, angalia kitu kimoja ambacho wengi hatukiangalii: maji. Barafu inayouzwa ikiwa imelowa tepetepe ina sehemu iliyokwisha kuyeyuka, na sehemu hiyo kazi yake imefanyika tayari kwenye gunia la muuzaji. Kilo kumi zenye maji kilo mbili ndani yake ni kilo nane za barafu. Zile kilo mbili za maji zitakupa kilojuli 21 kila moja zikipanda hadi nyuzi tano, badala ya 334. Inamisha ndoo, acha maji yatoke, ndipo ipimwe.

Na usilipie zaidi barafu kwa sababu ni "kali", imetoka kwenye mashine yenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukali huo wote, kutoka -18 hadi 0, ni kilojuli 38 tu kwa kilo. Ni nyongeza ya moja ya tisa. Ni nzuri kuipata, na haitayeyuka mara ukiipakia, lakini haistahili bei ya mara mbili.

Ipo na njia ya tatu ambayo naipenda kwa samaki wadogo kama vibua: barafu iliyosagwa ndani ya maji ya bahari. Maji yanazunguka kila samaki, hakuna pengo la hewa, na baridi inaingia haraka kuliko kwa njia nyingine yoyote iliyo mikononi mwetu. Gharama yake ni kwamba maji yenyewe nayo lazima yapozwe. Kila lita kumi za maji ya bahari ya nyuzi 28 zinakula kilo tatu na nusu hivi za barafu kabla samaki hajaonja kitu. Basi weka maji ya kufunika tu, usijaze pipa. Wakishapoa watoe, wapange kwenye barafu iliyochujwa maji.

Chupa zilizogandishwa

Sitaki kuzidharau, maana sehemu nyingi za pwani yetu mtambo wa barafu uko mbali na mama mwenye friza yuko jirani. Chupa ya lita moja na nusu, ukiacha nafasi kidogo juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa asilimia tisa hivi, inabeba kilo 1.3 au 1.4 za barafu. Kwa joto fiche pekee ni kilojuli 430 hadi 470, yaani ingetosha samaki kilo nne na ushei. Maji yake hayamwagiki, hayalowanishi mzigo wa wenzako kwenye basi, na kesho unazigandisha tena.

Kasoro yake niliilipia mimi mwenyewe Somanga. Joto lazima lipite kwenye plastiki, na chupa ni mviringo, inagusa samaki kwa mstari mwembamba tu. Ukizitumia, zifanye za pembeni na za juu, hewa baridi hushuka haipandi, na katikati ya samaki weka barafu ya kusagwa hata kama ni kilo tano tu. Zikiwa ndizo pekee ulizonazo, zitumbukize pamoja na samaki kwenye maji ya bahari kidogo. Maji yatafanya kazi ya kuzigusanisha. Wapo wanaotia chumvi kwenye chupa ili zigande chini ya sifuri. Hapo fahamu kwamba maji ya chumvi kali yanaweza yasigande sawasawa kwenye friza ya nyumbani, na chupa isiyoganda haiwezi kula joto fiche la kuyeyuka. Mimi natumia maji matupu.

Pakiti za jeli za dukani zinafanya kazi kama chupa, kwa kuwa ndani yake sehemu kubwa ni maji. Ubora wake ni kuwa bapa. Kwa mzigo wa samaki sioni sababu ya kuzinunua.

Kununua friza badala ya barafu

Hapa ndipo pesa nyingi za wenzetu hupotelea. Mtu anakusanya mtaji, ananunua friza ya kulala, anaweka kilo thelathini za samaki vuguvugu jioni, na asubuhi anashangaa katikati bado ni laini.

Tuhesabu. Kumpoza samaki hadi sifuri ni kilojuli 100 kwa kilo. Lakini friza haiishii hapo, inamgandisha. Karibu robo tatu ya samaki ni maji, na kuyagandisha maji hayo ni lazima utoe lile joto fiche, kama kilojuli 250 kwa kila kilo ya samaki. Kisha 36 za kumshusha hadi -18. Jumla karibu 385. Kwa kilo thelathini ni kilojuli 11,550, sawa na uniti 3.2 za joto linalotakiwa kutolewa ndani ya sanduku lile. Tuseme friza yako inatoa wati 100 za joto, baada ya kufidia linalopenya ukutani. Itafanya kazi saa 32 bila kupumzika, na bila wewe kufungua mfuniko. Si mbovu. Haikutengenezwa kugandisha mzigo, imetengenezwa kutunza kilichokwisha kuganda.

Madhara ya kuchelewa hayaishii kwenye muda. Maji mengi ya samaki huganda kati ya nyuzi -1 na -5, na samaki akikaa saa nyingi katika eneo hilo chembe za barafu ndani ya nyama hukua kubwa na kuchana nyuzi zake. Akiyeyuka sokoni anatoa maji, mnofu unalegea, na uzito unapungua mbele ya mnunuzi. Viwanda hugandisha kwa hewa kali inayopulizwa au kwa mabamba ya baridi, na mnofu hupita eneo hilo kwa muda mfupi. Friza ya nyumbani haina uwezo huo.

Kwa hiyo nikilinganisha friza na barafu kwa mchuuzi anayeuza ndani ya siku mbili tatu, nachagua barafu bila kusita. Unatoa kilojuli 100 badala ya 385, na samaki anafika akiwa mbichi kweli. Friza inunue ikiwa unahitaji kuweka akiba ya wiki, na hapo mpoze kwanza samaki kwa barafu hadi sifuri, umfute, ndipo umwingize kidogo kidogo, kilo tano au sita kwa mara moja, wamelala bapa wasipandane. Mara nyingi friza imeandikwa kwenye kibandiko chake uwezo wa kugandisha kilo kadhaa kwa saa 24. Isome namba hiyo kabla ya kulipa, ina maana zaidi kuliko ukubwa wa lita.

Jambo moja zuri la friza: ikishajaa vitu vilivyoganda, joto fiche linakuwa upande wako. Umeme ukikatika, kila kilo ya samaki lazima ipokee zile kilojuli 250 kabla haijalainika, ndiyo maana friza iliyojaa, isipofunguliwa, hustahimili siku nzima au zaidi, na iliyo nusu tupu hulegea mapema. Nafasi zilizo wazi jaza chupa za maji.

Gunia bichi na mtungi

Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye joto la kawaida la mchana inachukua kilojuli 2,430 hivi, mara saba ya barafu inayoyeyuka. Namba hiyo inavutia, na huwasikia watu wakiuliza kwa nini tununue barafu wakati mtungi wa bibi ulipoza maji bure. Swali ni la haki.

Jibu liko hewani. Maji hukauka haraka pale tu hewa ilipo kavu. Dodoma, hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 35, kitambaa kibichi kwenye upepo kinaweza kushuka hadi nyuzi 19 au 20. Huku pwani, nyuzi 31 na unyevu asilimia 75, mwisho wake ni nyuzi 27. Hata ungelowanisha mchana kutwa haushuki chini ya hapo. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa chungu ndani ya chungu chenye mchanga mbichi katikati, na kwa nyanya na mboga za majani katika nchi kavu ile ni kitu kizuri sana. Samaki hahitaji nyuzi 20, anahitaji sifuri. Gunia bichi lifunike kasha kwa nje, kinga ya jua, na kazi yake iishie hapo.

Kwa kuwa tumegusa mvuke, niseme na kuhusu samaki wa kukausha, ng'onda na dagaa. Kilo ya samaki ikipoteza gramu 600 za maji juani imetumia zaidi ya kilojuli 1,400, mara kumi na nne ya kumpoza. Jua halitoi ankara, kwa hiyo penye jua la uhakika na samaki wa bei ndogo, kukausha kunashinda barafu. Ukikausha kwa kuni, hizo kilojuli unazilipa wewe na msitu.

Barafu kavu

Hii ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa. Iko nyuzi -78.5, na inageuka hewa moja kwa moja bila kupita kwenye maji, ikichukua kilojuli 571 kwa kilo, na nyingine kidogo hewa yake inapopata joto. Kwa uzito ni karibu mara mbili ya barafu ya maji, na haimwagiki. Inafaa mizigo ya ndege na minofu iliyokwisha kuganda. Kwa samaki mbichi inaunguza ngozi. Kilo moja inatoa zaidi ya lita 500 za gesi, ambayo katika gari lililofungwa vioo inaweza kumwua dereva, na kwenye chombo kilichozibwa kabisa inapasua. Usiishike bila glavu. Kwenye mwalo wa kushushia samaki sihitaji kuiona.

Kasha, na mzigo wangu wa sasa

Kasha la stairofomu lenye kuta za sentimita nne na eneo la mita moja na nusu za mraba, ndani sifuri na nje nyuzi 32, linaingiza joto la wati 42 hivi. Hiyo ni karibu nusu kilo ya barafu kila saa. Kuta zikiwa sentimita mbili, ni karibu kilo nzima kila saa. Safari ya saa kumi, kutoka pwani hadi mteja wa mwisho, kasha jembamba linakula kilo tisa na nene nne na nusu. Ukipiga hesabu ya mwezi, kasha nene hujilipa lenyewe.

Kwa kilo 40 za samaki, basi: kilo 12 za barafu kuwapoza, nne na nusu kwa ukuta, na nyingine kwa kufungua njiani, kwa maji yaliyomo ndani ya barafu, na ili ibaki ya kuwapanga mezani. Mimi nabeba 28. Safari ikizidi siku moja, nakwenda kilo kwa kilo, kama wanavyofanya wazoefu wote ninaowaamini. Barafu tabaka chini, samaki tabaka moja, barafu, samaki, na juu barafu nene kuliko zote. Jodari namtoa matumbo na kulijaza tumbo lenyewe. Tundu la maji liko wazi chini ya kasha. Chupa nne zimesimama kwenye pembe.

Na nina kipimajoto cha kuchoma cha jikoni, kile chenye sindano. Nikifika Feri nakichoma kwenye mgongo wa samaki mnene kuliko wote, aliye katikati ya kasha, kabla sijatazama barafu imebaki kiasi gani. Kikisoma chini ya nyuzi nne, naanza kupanga meza.